Kwa nini neno 'usambe' lisifutwe: Ushairi wa kale katika nyimbo za leo

Jumatano iliyopita, baada ya magharibi, mpwa wangu alibisha hodi nyumbani kwangu hapa Makupa akiwa na simu mkononi na uso umemkunja. Yeye ni mwimbaji. Huimba harusini na bendi ndogo ya vijana, na mara moja moja huingia studio kurekodi wimbo wake mwenyewe. Hata salamu hazijesha, akaniuliza:

"Mjomba, hivi 'usambe' ni Kiswahili ama si Kiswahili?"

Nikamwambia akae kwanza. Nje makanga walikuwa wakiita abiria wa Changamwe na Magongo, na tuktuk zinapiga honi, kwa hiyo ilibidi nifunge dirisha ndipo tusikizane. Akanieleza. Ametunga wimbo, na kesho kutwa, Ijumaa, ana saa mbili za studio alizokwisha kuzilipia. Produsa ameusikia akaupenda, ila kuna neno moja analotaka litolewe. "Asema hakuna mtu wa leo alijuaye. Ataka niseme 'usiseme' badala yake. N'ambie wewe mwalimu, nilitoe?"

Nilimwomba anisomee ubeti wenyewe. Kwa ruhusa yake nauandika hapa:

Kidaka hakina kombe, vumbi limetanda humo
Nami sitaki niombe, kilichotoka kiwemo
Ulikitwaa, usambe, kwamba mimi sikuwemo

Msomaji, kabla hujatoa hukumu, nakuomba uvumilie tulitazame jambo lenyewe kwa utaratibu, maana swali la mpwa wangu ni kubwa kuliko neno moja. Ni swali la jinsi wimbo wa leo unavyoweza kuchota katika kisima cha kale, na kama kisima hicho kingali na maji.

Nianze na neno. 'Usambe' limetokana na kitenzi 'amba', maana yake 'sema'. Lichambue utaona: kuna kiambishi cha nafsi ya pili 'u', kikanushi 'si' kilichomezwa irabu yake kwa sababu ya 'a' inayofuata, mzizi 'amb', na kiishio 'e'. Yaani usiseme. Sasa, ni kweli kwamba siku hizi hatumsikii mtu akisema 'naamba' barabarani. Lakini je, mzizi huu umekufa? Katika sentensi niliyoiandika sasa hivi umo: 'ni kweli kwamba'. Neno 'kwamba' si jingine ila kitenzi-jina cha 'amba', kama vile 'kwenda' kilivyo cha 'enda'. Tena kila unapomwambia mtu jambo, unatumia kitenzi hichohicho katika kauli ya kutendea: amba, ambia, ambiwa, ambiana. Na kila unapoandika 'mtu ambaye' au 'jambo ambalo', ndiye yuleyule. Produsa wetu, ambaye asema halijui neno hili, hulitumia labda mara hamsini kwa siku.

Marehemu nyanya yangu alikuwa na onyo lake moja. Akikukataza jambo nawe ukashupaa, alikwambia: "Usambe sikukwambia." Katika maneno hayo mawili mzizi wa 'amb' umo mara mbili. Mpwa wangu hakulitoa neno lake kamusini. Amelitoa jikoni kwa nyanya.

Sasa tuje kwenye wimbo. Watu wengi hudhani kuchota katika fasihi ya kale ni jambo la wazee wasiotaka mabadiliko. Hebu tutazame mbali kidogo. Mwaka 1076 mshairi wa Uchina aitwaye Su Shi alitunga shairi usiku wa mwezi mpevu, akimkumbuka ndugu yake aliyekuwa mbali naye. Alilitunga katika bahari inayoitwa ci. Katika bahari hiyo mshairi hupewa ruwaza ya wimbo uliokwisha kujulikana, kisha huyapanga maneno yake yaingie humo silabi kwa silabi. Tuni za asili zilipotea kadiri karne zilivyopita, ila hesabu ya silabi ikabaki. Basi mwaka 1983, baada ya miaka zaidi ya 900, mwimbaji Teresa Teng wa Taiwan alirekodi maneno yaleyale ya Su Shi kwa tuni mpya. Baadaye Faye Wong naye akauimba. Wachina waliokulia na kaseti walijifunza shairi la karne ya 11 kwa njia ya wimbo wa mapenzi.

Kuna na njia ya pili hukohuko. Mwaka 2007 Jay Chou alitoa wimbo unaoitwa 'Qinghuaci', ulioandikwa na mtunzi Vincent Fang. Jina hilo maana yake ni kauri nyeupe yenye michoro ya samawati. Humu shairi la kale halikuchukuliwa lilivyo. Kilichochukuliwa ni picha: chombo cha kauri, wino na mvua, vikawa lugha ya kumsubiri mpenzi.

Kauri hiyo si ngeni kwetu hata kidogo. Nenda Fort Jesus uangalie vyombo na vigae vilivyomo makumbushoni. Nenda Gede, au kwenye kaburi la mnara kule Mambrui lililopambwa kwa mabakuli. Ni vyombo vya Uchina vilivyoletwa na biashara ya bahari. Katika nyumba za mawe za Lamu, Pate na Mji wa Kale hapa Mombasa, ukutani mlichongwa vidaka, safu juu ya safu, na humo ndimo vyombo vya thamani viliwekwa ili mgeni avione. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi, akiomboleza fahari ya Pate iliyoporomoka, alivitaja vidaka hivyohivyo, vikiwa sasa makao ya ndege. Hakuhitaji kueleza kwa urefu kwamba mji umekwisha. Alikuonyesha kidaka kitupu tu, ukajua.

Rudi sasa kwenye mshororo wa kwanza wa mpwa wangu. Yeye anakaa nyumba ya mabati hapa Makupa, haina kidaka wala kombe la kauri. Lakini aliyeachwa na mume baada ya miaka 11 anajua moyo uliotolewa kitu unavyokuwa. Kidaka hakina kombe. Hakutaja mume, hakutaja talaka. Nilipomuuliza kama ameisoma Al-Inkishafi alitikisa kichwa. "Niliisikia kwako darasani, mjomba. Zile ndege ndizo zilizonikaa."

Hapa pwani tumekuwa tukichota kisimani kwa njia tatu, na kila moja ina adabu yake.

Njia ya kwanza ni kuchukua shairi zima la kale na kulitia sauti. Mfano mwema ni Zein l'Abdin, fundi wa udi aliyezaliwa Lamu akafanya makao yake Mombasa. Kwa ushirikiano na mshairi na mtafiti Sheikh Ahmed Nabhany, aliyafufua mashairi ya karne ya 19 akayaimba katika taarabu yake. Mtu aliyekwenda harusini kula biriani alirudi nyumbani na shairi la mababu kichwani, pasipo mtu kumwambia kuwa amesoma fasihi.

Njia ya pili ni kuchukua kipimo. Hii ndiyo iliyoenea zaidi, na ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa kuwa haionekani. Shairi letu la kawaida lina mizani 16 katika kila mshororo, 8 upande huu na 8 upande ule, na vina vya kati na vya mwisho. Kipimo hiki ndicho alichokitumia Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840. Kabla yake tungo nyingi zilizohifadhiwa kwa maandishi zilikuwa za dini. Muyaka aliutumia ushairi kuzungumzia vita vya Mazrui na Seyyid Said, kujibizana na washairi wa Lamu, kulalamikia mapenzi, njaa na marafiki wabaya.

Zaidi ya karne moja baadaye, kipimo hichohicho kilisikika katika kaseti za Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014. Juma Bhalo alipenda sana tuni za filamu za Kihindi, na baadhi ya watu walimlaumu kwa hilo. Lakini maneno aliyoyaimba, mengi yakiwa yametungwa na binamu yake Ustadh Ahmad Nassir, mwandishi wa Malenga wa Mvita, yalikuwa mashairi kamili ya Kimvita: mizani imetimia, vina vimekaa, fumbo limefungwa. Tuni ilitoka Bombay, mwendo wa maneno ukatoka kwa Muyaka. Na kwa kuwa kipimo ni kimoja, shairi moja laweza kuimbwa kwa tuni kumi na halianguki. Hapo tunafanana na wale wa ci kuliko tunavyodhani.

Njia ya tatu ni kuchukua picha, kisa au mbinu. Mkumbuke Fumo Liyongo, kama tunavyosimuliwa katika utenzi ulioandikwa Lamu mwaka 1913 na Muhammad Kijumwa, aliyekuwa pia mchonga mbao na mwanamuziki. Liyongo akiwa gerezani alimtuma kijakazi Saada kwa mama yake, akiomba mkate wa wishwa uliofichwa tupa ndani. Walinzi hula mikate mizuri, wa wishwa wakamwachia. Kisha likapigwa gungu nje, watu wakaimba na kuitikia, naye akakata minyororo ndani ya kelele hizo. Nionavyo mimi, taarabu yote imo katika kisa hiki. Maneno yanapita mbele ya watu wote, anayefahamu ni mmoja, na muziki ndio unaoficha sauti ya tupa. Mwanamke anayetuza noti harusini huku akimtazama jirani yake anaendeleza mbinu ya Liyongo, ajue asijue.

Je, adabu ni ipi? Mpwa wangu naye aliniuliza hili: "Sasa mimi si nimeiba?" Nikamjibu hivi. Ukichukua shairi zima, au hata ubeti, mtaje mwenyewe. Ukichukua kipimo, ni chako kama kilivyo cha kila mtu, ila ukitimize. Ukichukua picha, ni lazima uiongeze kitu, uifanye iseme jambo ambalo mwenyewe hakulisema. Kidaka cha Sayyid Abdalla ni cha mji na mauti. Kidaka chako ni cha nyumba na ndoa. Hapo hujaiba, umerithi.

Tukarudi kwa 'usambe'. Nilimwambia tusibishane kwa hoja za wazee, tuhesabu. Ulikitwaa, usambe: u-li-ki-twa-a, u-sa-mbe. Nane. (Kumbuka 'mbe' ni mizani moja kwa kuwa 'mb' hutamkwa pamoja, tofauti na 'm' ya 'mtu' inayosimama peke yake.) Sasa tia 'usiseme': u-li-ki-twa-a, u-si-se-me. Tisa. Si hayo tu. Kina cha kati cha ubeti ni 'mbe': kombe, niombe, usambe. Ukitia 'usiseme' kina kimevunjika. Halafu kuna lililofichika: 'usambe, kwamba' ni ndugu wawili wamekaa bega kwa bega, neno la kale na mtoto wake wa leo. Asiyelijua la kwanza atalikisia kwa la pili.

Akanyamaza kidogo. Kisha akanitazama akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Lakini mjomba, wewe ndiwe uliyenifuta."

Nilisahau. Yeye hakusahau. Miaka ishirini na ushei iliyopita nilimfundisha Kiswahili kidato cha pili. Aliandika insha juu ya nyanya yake, akaandika 'mato' na 'nti' na 'kuteka', kama alivyomsikia nyanya akisema. Nami, kwa kalamu nyekundu, nikafuta kila moja nikaandika juu yake 'macho', 'nchi', 'kucheka'. Nikampa alama 9 kwa 20. Siku iliyofuata, katika somo la fasihi, niliwasomea darasa hilohilo Muyaka, aliyejaa maneno yaleyale, nikawaambia huyu ni malenga mkubwa, yakaririni haya kwa ajili ya mtihani. Yeye aliketi nyuma akajiuliza kwa nini mato ya Muyaka ni fasihi na mato ya nyanya yake ni makosa. Hakuuliza. Mwaka ule ule aliacha shule akaolewa.

Sitajitetea sana. Mwalimu hufundisha alichofundishwa, na mtihani una sheria zake. Kiswahili sanifu tunakihitaji: bila ya hicho nisingeandika makala haya yakasomwa Kisumu na Dodoma. Lakini ni vyema tukumbuke jinsi kilivyopatikana. Mkutano uliofanyika hapahapa Mombasa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa usanifishaji, na Kimvita, kilichokuwa na hazina kubwa ya ushairi, kikabaki kando. Uamuzi ule ulihusu vitabu vya shule na ofisi za serikali. Haukusema kwamba neno la nyanya ni kosa. Hilo tuliliongeza sisi walimu, kwa kalamu nyekundu.

Tena, tungejua historia ya Muyaka tungeogopa kufuta. Muyaka hakuacha kitabu. Alipofariki, mashairi yake yalibaki vifuani mwa watu wa Mombasa waliokuwa wakiyaghani na kuyaimba. W. E. Taylor alifika hapa mwaka 1880, miaka 40 baadaye. Aliyemsaidia kuyakusanya na kumweleza maana yake ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni wa mjini aliyefariki mwaka 1890. Diwani yenyewe ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940, ikihaririwa na William Hichens. Karne nzima imepita kati ya kifo cha mshairi na kitabu chake. Katika sehemu kubwa ya karne hiyo kilichomweka Muyaka hai ni mdomo na sikio. Lau watu wa Mombasa wa 1850 wangesema 'maneno haya hayajulikani na vijana, yatolewe', leo tusingekuwa na Muyaka wa kumtahini mtoto yeyote.

Ndiyo maana hoja ya produsa, ingawa naielewa, inakwenda kinyume. Asema neno litolewe kwa sababu halijulikani. Mimi nasema litajulikana likiimbwa. Mtu hajifunzi neno kwa kufafanuliwa mara moja. Hujifunza kwa kulisikia kwenye matatu asubuhi, saluni mchana na harusini usiku, mpaka siku moja likamtoka mwenyewe pasi na kukusudia. Wimbo hulifanya jambo hilo bila kalamu nyekundu.

Ijumaa mpwa wangu alikwenda studio. Hakubishana. Alimwambia produsa, "Sawa, tujaribu lako kwanza." Biti ikaanza, akaimba, na alipofika pale, 'usiseme' likampita ngoma. Wakarudia, likampita tena. Mara ya tatu yule kijana alivua spika za masikioni akasema, "Rudisha lile la zamani." Akaliimba, likakaa mahali pake. Baadaye akamuuliza maana yake nini, naye akamweleza. Saa mbili zilikuwa zimekwisha na akadaiwa nusu saa ya ziada. Hiyo nimemlipia mimi. Niliona ni deni langu la zamani.

Msomaji wangu, kama kwenu yupo mama, shangazi au nyanya anayeimba akisonga ugali au akibembeleza mtoto, msikilize. Ukisikia neno usilolijua, usimsahihishe. Muulize maana, uliandike, na kama wewe ni mtunzi, litie wimboni mahali ambapo mizani inalitaka. Na walimu wenzangu, siku mtoto akiandika 'mato', mfundisheni 'macho' kwa ajili ya mtihani, lakini andikeni pembeni kwamba neno lake ni la Muyaka.

Likifutika baada ya hapo, usambe sikukwambia.